Mnyama Aliyebaki Ndani ya Gogo

Kila kijana anayekuja kwangu Moshono, Arusha, kujifunza kutengeneza wanyama wa magemu, siku ya kwanza simwashii kompyuta. Nampa kipande cha jakaranda na msasa, namwambia alainishe mpaka nitakaposema basi. Wengi wenu mnavumilia. Wengine mnatazamana. Juzi Neema akaniuliza, kwa adabu zote, "Bibi, kompyuta si inalainisha yenyewe ukibonyeza tu? Sasa msasa wa nini?"

Nikamjibu, "Endelea, mwanangu," nikatoka kwenda kuangalia chai. Siyo kwamba jibu sina. Mimi kusema mbele za watu sijawahi kuweza, tangu sekondari. Mwalimu akiniuliza swali, jibu ninalo, mdomo unagoma. Nilichoweza ni kuandika. Kila jioni niliandika yaliyonipata mchana, hata yale ya kuchekesha wenzangu, na ndivyo nitakavyofanya hapa. Someni, halafu mrudi kwenye msasa.

Nilimaliza kidato cha nne enzi za ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu tena na magari ya watalii kuteremka kwa wingi kutoka Nairobi. Sikuchaguliwa kuendelea. Shangazi yangu alikuwa na genge la mboga Sakina, kando ya barabara ileile ya Nairobi, na jirani yake, katikati ya gereji mbili, palikuwa na banda la Mzee Akwino, mchongaji wa Kimakonde aliyetoka Newala akaja kufuata watalii. Alichonga wanyama tu: nyati, twiga, pofu, faru. Shangazi akanishika mkono akanipeleka.

"Mzee, huyu mtoto hasemi, lakini hachoki."

Mzee Akwino akanitazama mikono, uso hakuuangalia kabisa. "Kusema nasema mimi," akasema. "Akae kwenye msasa."

Kazi ya msasa pale ilikuwa ya wanawake. Wanaume walichonga kwa tezo na patasi, sisi tukalainisha, halafu tukapaka rangi nyeusi ya viatu na kung'arisha kwa kitambaa. Jumapili nilikwenda usharikani na kucha nyeusi kama fundi viatu, nikawa naimba nimeficha mikono chini ya kitabu cha nyimbo.

Mwanzoni kabisa nilipewa nyati. Nikampapasa, nikakuta kinundu kikubwa nyuma ya shingo. Nikaona mzee amepitiwa, kaacha mti mwingi. Kumwambia sikuthubutu. Basi nikakikwangua mwenyewe, tangu asubuhi mpaka chai, mpaka shingo ikalala vizuri ikawa laini kama ya ndama. Nikampelekea huku najisikia nimemwokolea kazi.

Akampitishia dole gumba mgongoni. "Kinundu kiko wapi?"

Nikaonyesha vumbi la mti miguuni pangu.

"Binti, hiki kichwa na pembe zote hizi anakibeba nani? Wewe?" Akamweka chini, akamtazama kwa huzuni. "Huyu sasa ni ng'ombe wa maziwa. Mtafutie kengele."

Wenzangu walicheka mpaka mafundi wa gereji wakaja kuuliza kuna nini. Na kweli aliuzwa kama ng'ombe, mteja akaondoka anamkumbatia. Mimi nilibaki na jambo moja ambalo limenilisha mpaka nastaafu: kabla ya kuondoa kitu kwenye mwili wa mnyama, uliza kinabeba nini. Na ukiuliza kwa vidole unajibiwa haraka kuliko kwa macho.

Sasa niwaeleze habari ya kuunga, maana bila hiyo hamtaelewa mbele.

Kwa Mzee Akwino mnyama alikuwa kipande kimoja cha mti, kuanzia kwato mpaka pembe. Kuunga kwa gundi ilikuwa aibu. Lakini wanyama huvunjika. Mwingine anavunjikia mkononi mwa mchongaji siku ya mwisho, mwingine anaanguka rafuni, mwingine anarudi kutoka kwenye gari la mtalii lililopita barabara mbovu. Mtu akashindwa kutupa kazi ya siku zote hizo. Basi palikuwa na kiti nyuma ya banda, kimeelekea ukutani, cha mtu wa kuunga. Vilivyoungwa viliwekwa rafu ya chini kabisa, na kila mnunuzi wa pale alijua rafu ya chini maana yake nini, ila neno lenyewe halikutajwa. Kiti hicho nikapewa mimi. Wenzangu walinionea huruma. Mimi nilifurahi moyoni: nimepewa ukuta, hakuna mgeni atakayenisalimia.

"Sheria ni moja tu," mzee akaniambia. "Ukiunga, usimwambie mteja."

Nilikaa pale miaka. Nikajua kila mnyama anavunjikia wapi. Mnadhani twiga huvunjika shingo. Hapana, shingo imefuata nyuzi za mti, ina nguvu. Anavunjika mguu wa nyuma, pale unapopinda, kwa sababu mti umenyooka na mguu unakata kona, kwa hiyo nyuzi zinakatika. Pofu ni hivyohivyo. Nyati aliyechongwa anatembea huvunjika goti la mbele. Ndiyo maana wachongaji wetu waliwabana wanyama: miguu pamoja, mkia umeganda pajani, kichwa kimegeukia ubavuni. Mnyama lazima aenee ndani ya gogo na asiache kitu kinachochomoza. Mzee mwenyewe alitania, "Wanyama wangu wote wanasikia baridi ya Meru."

Siku moja akaja Harjit. Wengine mnamfahamu kwa sauti, ndiye huyo anayenipigia simu akicheka. Wakati ule alikuwa kijana wa Kisingasinga, baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi mjini. Alizaliwa hapahapa Arusha, akaenda nje kusomea kompyuta, akarudi. Alikuwa amemleta nyati wa mama yake, mguu mmoja umevunjika na kipande chenyewe kimepotea. Nilichonga mguu mpya nikaunga. Alipokuja kumchukua, akamgeuza, akamgeuza tena.

"Mzee, ni mguu upi ulikuwa umevunjika?"

Mzee Akwino akatazama barabarani kana kwamba anamngoja mtu.

"Kafanya nani?"

Mzee akaelekeza kidevu mgongoni kwangu. "Huyo. Ila usitegemee mazungumzo."

Harjit akavuta ndoo akakaa kando yangu, naye akaelekea ukutani, akaanza kuuambia ukuta habari zake. Ana chumba juu ya duka la baba yake, kompyuta mbili. Kuna watu wa nje wanatengeneza gemu, wamempa jaribio la kuwatengenezea viumbe. "Kumtembeza mnyama naweza, dada. Kumuumba siwezi. Kila ninachoumba kinafanana na friji."

Hapo nilicheka, na nadhani ndipo aliponipata.

Mzee Akwino hakunizuia kumfuata Harjit. Alisema tu, "Nenda. Lakini kiti hiki kesho nampa mtu. Vilivyovunjika havisubiri." Alisema kweli, keshokutwa yake nikapita nikaona mgongo wa binti mwingine.

Kujifunza kompyuta, jamani. Mausi niliishika kama kipande cha mbao chenye msasa, nikawa naisugua mezani mbele nyuma, mbele nyuma. Harjit akanionyesha kitufe cha kurudisha nyuma ulichokosea. Sikumwamini. Mimi nimetoka mahali ambapo patasi ikishakata imekata; nilikuwa natazama skrini nusu asubuhi kabla ya kugusa nukta moja.

"Dada Aika, umelala?"

"Nafikiri."

"Fikiri huku unakosea. Ikiharibika inarudi."

Nilipokuja kuamini, nikaharibika mimi. Nikawa nakata ovyo, narudisha, nakata, narudisha, mpaka nikasahau nilikuwa natafuta nini, na kiumbe kikakaa siku nyingi hakina uso. Nawaona na nyie mnafanya hivyo. Kitufe kile ni kizuri, ila amueni kwanza mnataka nini, ndipo mkitumie. Msasa hauna kitufe. Ndiyo sababu moja ya msasa, Neema.

Basi jaribio lenyewe. Walitaka dude la kulinda lango: kichwa cha nyati, mabega ya fisi, mkia wa kenge. Liwe limelala, liamke, litembee, litikise kichwa. Wakitosheka watatupa kazi ya gemu zima. Wasipotosheka, basi. Na baba yake Harjit naye alikuwa na mpango wake: kila baada ya siku chache alipanda ngazi na futi ya kupimia, akapima chumba ukuta kwa ukuta, kuona mifuko ya saruji itapangwaje.

"Baba, bado," Harjit anamwambia.

"Napima tu," anajibu, anaandika kiganjani.

Na mimi kiti cha Sakina kina mwenyewe, na shangazi ameshawatangazia wateja wote wa genge kwamba mtoto wake yuko kwenye kompyuta. Sikuwa na pa kurudi bila kupita mbele ya nyanya zake.

Programu zile ukianza mnyama zilikupa boksi. Tupu, la mraba, katikati ya skrini. Nyie mnaliona ni boksi. Mimi niliona gogo. Nikaingia ndani yake nikachonga kama nilivyozoea kuona, na lilitoka dude zuri, sijidai. Mabega unataka kuyapapasa. Ngozi laini, haina mkwaruzo. Harjit akaniita fundi. Akaingiza ndani mifupa ya kompyuta, ile inayosogeza viungo, akasema, "Haya, inuka," akasogeza mguu wa mbele.

Tumbo likaja na mguu. Paja likavuta ubavu, ubavu ukavuta shingo, mkia ukanyanyuka na nyonga nzima kama kitenge kilichonaswa mlangoni. Harjit alicheka, kisha akaacha.

"Nani amekwambia miguu ikae pamoja hivi?"

"Itavunjika," nikasema.

"Itavunjikia wapi, Dada Aika? Hapa hakuna mti."

Nikatazama. Mkia umeganda pajani. Kichwa kimegeukia ubavuni. Nikafungua na vile viumbe vidogo nilivyojifunzia: vyote vimejikunyata vilevile, vyote vinasikia baridi ya Meru. Hakuna aliyenipa gogo, nimelibeba mwenyewe kutoka Sakina nikapanda nalo ngazi.

Nikaanza upya, nikaifungua miguu. Safari hii dude likasimama limetanuka kama ngozi iliyowambwa juani. Harjit akaingiza mifupa, likatembea. Lakini lilitembea kama meza. Tuliwatumia wateja kwa waya wa simu, na mtandao ule baba mtu akiinua simu chini dukani unakatika, tunaanza tena. Majibu yakaja mafupi: halina uzito. Wanatupa nafasi moja nyingine.

Harjit akashika kichwa. Viungo alikuwa ameviweka kwa kugawa miguu katikati, akijua kabisa si sahihi, ila sahihi ni wapi? Dude lenyewe halipo duniani, huwezi kwenda kuliangalia porini. "Linapinda wapi hili?" akauliza. Nikajisikia nikisema, bila kusita, "Linapinda linapovunjika."

Mchana uleule nilikwenda Sakina. Mzee Akwino alikuwa anachonga pofu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umefukuzwa?"

"Bado. Nimekuja kuomba gunia la miguu."

Lilikuwepo pale siku zote, gunia la vipande visivyofaa hata kuungwa, tulitumia kuwashia moto wa kupashia gundi. Miguu, vichwa, mikia ya miaka mingi.

"Huko kwenye kompyuta miguu hakuna?"

"Ipo, lakini haijui kupinda. Nataka kuona wanapovunjikia."

Akaweka tezo chini. "Mimi maisha yangu yote nachonga ili mnyama asivunjike. Wewe unataka avunjike."

"Nataka avunjike kila hatua, mzee. Halafu aungane tena kabla ya hatua nyingine."

Kwangu mimi ile ilikuwa hotuba. Binti wa kwenye kiti aligeuka kunitazama. Mabega ya Mzee Akwino yakaanza kutikisika. "Chukua," akasema akicheka. "Chukua lote. Ila huko mjini usiseme mimi ndiye niliyekufundisha kuunga."

Tulimwaga gunia sakafuni, mimi na Harjit, tukapanga miguu kwa jamii: ya nyati huku, ya fisi huku, ya jamii ya pofu huku. Mipasuko ikajipanga yenyewe. Harjit akawa anachukua kipande, anakikunja na mwenzake palipokatika, anaangalia, anarudi kwenye mashine. Nyonga ya fisi iko chini, kwa hiyo dude hili la kwetu lisingeweza kuamka kama mbwa. Tuliliamsha kama ng'ombe, nyuma kwanza, likapiga magoti ya mbele, kisha likasukuma. Lilipofika kutikisa kichwa nikakumbuka yule ng'ombe wa kutafutiwa kengele. Kichwa cha nyati, pembe zote zile, na shingoni sikuwa nimeweka chochote cha kubeba. Nikampa kinundu.

Bado palikuwa na tatizo, na hilo aliliona Harjit, mimi nisingeliona. Kila kiungo kilipokunja, ngozi ilichanika.

"Umelainisha mno," akaniambia. "Hapa kwenye goti hakuna ngozi ya ziada. Ukikunja inatoka wapi?"

Niliumia, maana laini ndiyo ilikuwa jina langu. Lakini nilikunja kiwiko changu mwenyewe nikakitazama: ukikinyoosha, ngozi inajikunja mikunyanzi kama ya bibi. Nikairudisha mikunyanzi kwenye kila kiungo, mmoja mmoja, vitu vilevile nilivyofundishwa kuondoa. Na hii ndiyo sababu ya pili, Neema, na ndiyo kubwa. Kompyuta inajua kulainisha. Haijui kuacha. Msasa unakufundisha mahali pa kuacha, kwa sababu unachoka, na ukichoka unaanza kujiuliza hiki ninachokiondoa ni cha nani.

Tulipoliamsha mara ya mwisho, baba yake Harjit alikuwa ameshaingia na futi yake. Hakuna aliyemsikia. Alisimama nyuma yetu. Dude likanyanyua nyonga, likakaa kwenye magoti, kikapita kitambo kidogo ambapo ungesema haliwezi, kisha kinundu kikakaza na kichwa kikapanda. Likapiga hatua. Likapiga nyingine. Mzee yule amepima vitu maisha yake yote, nondo, misumari, mabati. Akasogea, akauliza taratibu:

"Huyu ana kilo ngapi?"

Harjit akanitazama. Futi ilirudi mfukoni, saruji ikatafutiwa pengine. Wateja nao walijibu kesho yake kwamba wamekubali, lakini mimi jibu nilishalipata, na nikafanya kazi katika chumba kile mpaka macho yalipoanza kunisumbua.

Mzee Akwino alikuja kuliona baadaye, amevaa koti. Aliketi kwenye kiti changu, akatazama dude likiamka, akatazama likitembea. Hakusifu. Alilitazama kama alivyotazama mnyama wa mtu mwingine, akitafuta kosa.

"Mgeuze," akasema.

Harjit akamgeuza.

"Mgeuze tena. Nionyeshe tumboni." Akainama mpaka pua ikakaribia kioo, akapitisha dole gumba juu ya goti la mbele, akakuta ni baridi na bapa, akakitazama kidole chake. "Umeunga wapi?"

"Kila mahali, mzee."

Akakaa. Dude likalala, likaamka tena, likatembea. Akalitazama mpaka mwisho, kisha akainuka akafunga vifungo vya koti.

"Basi usimwambie mteja."